Tunataka kwenda mbugani kwa mara ya kwanza: Serengeti kwa siku mbili, au tuanzie karibu?

BARUA

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, mama wa watoto watatu wenye umri wa miaka 14, 10 na minne. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu majina ya hifadhi za taifa na mikoa zilipo, nao huyakariri vizuri, lakini mimi mwenyewe sijawahi kuvuka lango la hifadhi hata moja. Wanangu pia hawajawahi. Tembo wanayemfahamu ni yule wa kwenye noti ya elfu kumi. Jambo hili limenisumbua kwa muda mrefu, na mwaka jana niliamua kutenga sehemu ya akiba yangu ya kikoba ili mwaka huu familia nzima iende mbugani.

Sasa tupo Januari, na tayari nimepata mtu wa kutupeleka. Ni kijana anayetangaza safari za sikukuu kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Ametupa kifurushi cha Pasaka: tunaondoka Moshi usiku wa Ijumaa Kuu kwa Kosta, asubuhi tunaingia Ngorongoro na kuona kreta, mchana tunaendelea Serengeti na kulala huko, Jumapili tunarudi kwa kupitia Ziwa Manyara na kufika nyumbani usiku. Anasema bei yake inajumuisha kila kitu, na kwamba nafasi zimebaki chache, kwa hiyo anataka nusu ya fedha kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Hifadhi tatu kwa mkupuo mmoja ni jambo linalonivutia, hasa kwa kuwa sijui kama nitapata tena fedha ya namna hii hivi karibuni.

Wasiwasi wangu ni huu. Kwanza, tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Bibi. Ana miaka 72, magoti yanamsumbua na anatumia dawa za presha. Nataka aende nasi, lakini yeye ametoka Rombo, ambako tembo wameshaingia katika mahindi yake zaidi ya mara moja, na nilipomweleza mpango huu alinijibu kwamba tembo haendewi kutazamwa, tembo hukimbiwa. Pili, Baba Neema, yaani mume wangu, anaona kwamba mbuga ni mambo ya wazungu, na kwamba Pasaka ni siku ya kwenda kijijini kula na ndugu. Tatu, tunayo Noah yetu ya nyumbani, nami najiuliza kama tungeweza kuitumia badala ya kulipia gari la watu wengine. Nne, jirani yangu aliwahi kulipia safari kama hii, na siku ya kuondoka mwenye gari hakuonekana wala hakupokea simu.

Naomba unishauri kabla sijatoa fedha.

Mama Neema, Moshi

JIBU

Mama Neema, nakushukuru kwa kueleza mambo yako waziwazi. Nianze na lile lenye haraka: usitoe nusu hiyo ya fedha wiki ijayo. Sisemi kwamba kijana huyo ni tapeli, kwa kuwa simjui na huenda anafanya kazi yake kwa nia njema; nasema kwamba safari aliyowapangia haiwafai Bibi wa miaka 72 na mtoto wa miaka minne, na kwa maoni yangu haimfai mtu yeyote anayekwenda mbugani kwa mara ya kwanza.

Tazama barabara yenyewe. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300. Lami inakwisha kwenye lango la Loduare la Ngorongoro, na kuanzia hapo ni vumbi na mawe, gari likitetemeka njia nzima kuteremka kutoka ukingo wa kreta hadi lango la Naabi la Serengeti, kisha kuendelea ndani ya hifadhi. Gari la abiria likisafiri usiku kucha na kufika Ngorongoro asubuhi, watu wameshachoka kabla hawajamwona mnyama wa kwanza. Wakifika Seronera ni alasiri, na kesho yake inawabidi waondoke asubuhi ili wapate kupitia Manyara na kufika Moshi usiku. Ukitoa saa za barabarani, saa za kula na saa za kusubiri malangoni, muda unaobaki wa kutazama wanyama katika hifadhi zote tatu haufikii hata siku moja nzima. Wanyama wenyewe huonekana zaidi asubuhi na mapema na jioni, na katika ratiba hiyo nyakati hizo karibu zote mtakuwa mbioni kwenda mahali pengine.

Kuna jambo jingine ambalo ni haki yako kulijua. Kosta haliruhusiwi kuteremka ndani ya kreta ya Ngorongoro. Kuta zake zina kina cha mita 600 hivi na njia zake ni kali, kwa hiyo magari yanayokubaliwa huko chini ni yale yenye nguvu ya magurudumu yote manne. Maana yake ni kwamba katika kifurushi chako neno "kuona kreta" ni kusimama ukingoni, kwenye mahali pa kutazamia, na kuangalia bonde kwa mbali. Mandhari ya pale ni mazuri mno, lakini faru utakuwa hujamwona, na tembo walioko chini wataonekana kama nukta, kama ukungu wa asubuhi utakuwa umeondoka. Vilevile Ngorongoro si hifadhi ya taifa iliyo chini ya TANAPA, yaani shirika la hifadhi za taifa. Ina mamlaka yake na viingilio vyake, na hata anayepita tu kwenda Serengeti analipia kupita. Mwulize kijana huyo kama malipo ya mamlaka zote mbili yamo katika bei yake, na jibu lake litakusaidia kumpima.

Halafu kuna suala la majira. Pasaka kwetu huangukia karibu kila mara ndani ya masika au mwanzoni mwake. Ni wakati wa majani marefu, tope na mvua za mchana kutwa, na ni wakati ambao mnyama hana sababu ya kukaa mahali pamoja, kwa kuwa maji yapo kila dimbwi. Mimi napenda masika kwa rangi zake na kwa ndege wake, lakini mtoto wa miaka minne hatafurahia saa tatu za kutafuta mnyama katika majani yanayomzidi kimo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba muiache Serengeti kwa mwaka mwingine, muipatie siku zake tatu au nne inazostahili, na mwaka huu mwende mara mbili karibu na nyumbani: Hifadhi ya Taifa ya Arusha katika Jumamosi moja ya Februari kabla mvua hazijaanza, kisha Tarangire katika likizo ya Juni.

Hifadhi ya Arusha mnaipita kila mnapokwenda Arusha mjini, kwa kuwa mchepuko wake upo Usa River, na kutoka Moshi mnaweza kufika langoni kwa muda usiozidi saa mbili. Ukishavuka lango la Ngongongare unakutana mapema na uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo, na mara nyingi pundamilia, nyati na ngiri wapo palepale, kabla watoto hawajamaliza kuuliza wanyama wako wapi. Twiga ni wengi. Msituni kuna mbega weusi wenye manyoya meupe marefu mgongoni na mkiani, wanaoruka kutoka mti hadi mti kwa namna ambayo mtoto haisahau. Mkifika maziwa ya Momella, waonyeshe wanao jinsi maji ya ziwa moja yanavyotofautiana rangi na ya jingine, na kama bahati ipo mtawakuta ndege waitwao heroe. Simba msiwatarajie huko, na tembo, ingawa wapo, huonekana kwa nadra. Wengine huhesabu jambo hilo kuwa upungufu; kwenu ninyi ni faida kubwa, nami nitaeleza sababu nikifika kwa Bibi. Watoto wako wawili wakubwa wanaweza pia kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi mwenye silaha hadi maporomoko ya Tululusia, kwa malipo ya ziada, wakati ninyi wengine mmepumzika na mdogo.

Katika hifadhi hii Noah yenu inatosha, mradi ni kiangazi, matairi ni mazima na dereva hana haraka. Tarangire nisingewashauri mwende nayo. Barabara kuu za huko hupitika kwa gari dogo wakati wa ukavu, na wapo wenyeji wanaofanya hivyo, lakini mwezi Juni majani ya masika bado ni marefu, na mtu aliyeketi chini ndani ya Noah ataona majani na masikio ya wanyama. Gari la utalii lenye paa la kufunguka linakuinua juu ya majani hayo. Tena kwa kawaida hukodishwa kwa siku, kwa bei ya gari zima na si ya kichwa, na ninyi mko sita, idadi ambayo karibu inalijaza. Unapouliza bei, uliza kama mafuta yamo, kama posho na malazi ya dereva yamo, na kama ushuru wa gari kuingia hifadhini umo. Ni katika vitu hivyo vitatu ambapo "kila kitu kimejumuishwa" hugeuka kuwa madai mapya mkiwa langoni, watoto wameshashuka kwenda kununua maji.

Sasa niseme kuhusu Tarangire kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo hifadhi ambayo ningemchagulia mtu wa Kilimanjaro anayetaka kumjua tembo. Mto Tarangire hauishiwi na maji wakati wa kiangazi, ilhali nyanda zinazouzunguka hukauka kabisa. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka nje ya hifadhi na kutawanyika hadi Simanjiro, wakifuata majani mapya. Mvua zikiisha, wanarudi mtoni kidogo kidogo kuanzia Juni, na kati ya Julai na Oktoba wanakuwa wengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Hii ndiyo sababu nakusihi mwende mwishoni mwa Juni badala ya mwanzoni, na kama likizo inaingia Julai, basi iwe Julai. Hapo tembo huteremka mtoni kwa familia, jike mkubwa akiwa mbele na watoto wakiwa katikati ya miguu ya mama zao, na sehemu ambazo maji yamejificha chini ya mchanga huchimba kwa miguu na mkonga hadi yatokee. Mibuyu ya huko ina makovu makubwa kwenye magome yaliyochanwa kwa pembe, na mingine imeliwa hadi ina mapango.

Mwombe dereva asimamishe gari na kuzima injini mahali ambapo familia ya tembo inakula, kwa umbali ambao yeye anaona ni salama, kisha mkae hapo hata nusu saa bila kusema. Utasikia majani yakikatwa. Tembo hukizungushia mkonga kishungi cha nyasi, hukisukuma kwa ukucha wa mguu wa mbele hadi king'oke, halafu hukipigapiga kwenye mguu wake ili udongo udondoke, ndipo hukitia kinywani. Mwanao wa miaka 10 akishaona hivyo kwa macho yake, hutahitaji kumfundisha neno lolote kuhusu tembo. Watu wanaokimbizana na majina ya hifadhi hawalioni jambo hilo kamwe, kwa sababu dereva wao ameambiwa wawe Naabi kabla ya saa nane, na kwangu hiyo ni hasara kubwa kuliko kutoiona Serengeti.

Mpango wa siku zenyewe uwe mwepesi. Ondokeni Moshi baada ya chakula cha mchana, mlale Mto wa Mbu, ambako kuna nyumba nyingi za wageni za bei ya kawaida na ambako lango la Tarangire lipo umbali wa saa moja hivi kwa gari. Kesho yake mtoke gizani ili muwe langoni linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kibali chenu ni cha kuingia mara moja; ukitoka nje na kutaka kurudi, unalipa upya. Kwa hiyo bebeni chakula cha mchana, mkae ndani siku nzima, mtoke jioni, mrudi kulala palepale Mto wa Mbu, na siku ya tatu mrudi nyumbani bila kukimbizana na giza. Lango la Ziwa Manyara lipo hapohapo mjini, na mtashawishika kuingia asubuhi ile ya mwisho. Amueni siku hiyo kwa kumtazama Bibi na mtoto mdogo, msiamue leo.

Kuhusu fedha, Baba Neema anapaswa kuambiwa jambo moja kabla ya kusema kwamba mbuga ni za wazungu. Mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki hulipa dola 70 kwa siku kuingia Serengeti katika msimu wa wageni wengi, kabla ya kodi. Raia wa Tanzania mtu mzima, kwa viwango vya miaka hii ya karibuni, hulipa shilingi 10,000, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, mtoto wa shule hulipa sehemu ndogo ya hizo, na mtoto aliye chini ya miaka mitano haingizwi katika hesabu. Nchi imeziweka bei hizo chini kwa makusudi ili mtu kama yeye aingie. Gharama yenu kubwa itakuwa gari na mafuta, si kiingilio, na ndiyo sababu nyingine ya kuchagua hifadhi iliyo karibu. Malipo ya langoni hayafanyiki kwa fedha taslimu. Hutolewa namba ya malipo ya serikali, nawe unalipa kwa simu, benki au kadi. Bebeni vitambulisho vya taifa vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu bei ya raia hupewa anayethibitisha uraia, na umri wa mtoto nao huulizwa.

Kuhusu hofu ya kutapeliwa, iliyompata jirani yako ni ya kweli na inaumiza, na Arusha mjini malalamiko kama hayo hayaishi. Kampuni inayosafirisha watalii inatakiwa kuwa na leseni ya wakala wa utalii, ile inayojulikana kwa kifupi kama TALA, na inatakiwa iwe hai kwa mwaka huo. Omba uioneshwe. Nenda ofisini kwao, kwa kuwa Arusha si mbali, ulione gari lenyewe, uandike namba yake, upewe risiti yenye jina la kampuni, na fedha uiweke katika akaunti ya kampuni, si katika simu ya mtu binafsi. Anayefanya biashara halali hachukizwi na maswali hayo. Anayekuhimiza kwamba nafasi zinakwisha, huku hana ofisi wala leseni ya kukuonyesha, mwache aende na nafasi zake.

Sasa Bibi. Mama Neema, alilokujibu si ushamba hata kidogo, nami naomba mtu yeyote nyumbani asimcheke kwa hilo. Mwanamke aliyelima mahindi Rombo, akaamka usiku kwa kelele za debe na moto, akakuta shamba limelazwa, anamjua tembo kuliko wengi wetu tunaomsifu. Tembo aliyemwona yeye ni tembo aliye shambani usiku, anayefukuzwa, mwenye hofu na hasira. Tembo wa Tarangire wamezoea magari tangu wakiwa wadogo, na hupita kando yake kama hawajaliona. Hilo Bibi hawezi kuliamini kwa kuambiwa, na hapa ndipo Hifadhi ya Arusha inapokuwa na faida niliyoitaja: siku ni fupi, simba hasumbui mawazo, tembo si rahisi kukutana naye, na Bibi atajifunza kwamba ndani ya gari nyati na twiga hawamfuati. Akirudi amefurahi, mwulizeni yeye mwenyewe kuhusu Tarangire. Akikataa, aheshimiwe, akae na ndugu, na msimfanye ajione amewaharibia safari.

Akikubali, mpeni kiti cha mbele au cha katikati, kamwe si cha nyuma juu ya magurudumu, ambako mtikisiko ni mkali zaidi. Ngazi ya gari la utalii ipo juu sana kwa mtu wa magoti. Bebeni kigoda imara cha kukanyagia. Ongeeni na daktari wake mapema kuhusu dawa za presha, kwa kuwa baadhi yake humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na mbugani mtu hashuki ovyo garini: vyoo vipo malangoni na kwenye maeneo ya kulia chakula, na kati ya kimoja na kingine mwendo unaweza kuwa mrefu. Daktari atawaambia kama saa ya kunywa dawa inaweza kusogezwa siku hiyo. Msiamue wenyewe, na msikubali Bibi aache kunywa maji kwa kuogopa kusumbua. Mwambieni dereva tangu asubuhi, naye atapanga njia yake kwa kufuata vyoo. Madereva wazuri wa Arusha wana heshima kwa wazee na hulifanya jambo hilo bila kuombwa tena.

Mavazi ni jambo dogo lenye usumbufu mkubwa likikosewa. Tarangire ina mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo sare ya michezo ya buluu ya mwanao wa miaka 14 ibaki nyumbani. Vaeni rangi za udongo na mikono mirefu. Nguo zenye mabakabaka ya kijeshi haziruhusiwi kwa raia, hata kama zinauzwa kwenye mitumba. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo chakula kiwe kwenye mahotipoti na makopo. Mkiwa mnakula, watumbili watakuja karibu sana. Asiwepo wa kuwapa hata ganda la ndizi, kwa kuwa tumbili aliyezoea kupewa ndiye anayenyakua mkononi mwa mtoto wa familia inayofuata. Bebeni chandarua au muulize kama nyumba ya wageni inavyo, kwa kuwa Mto wa Mbu una hali ya hewa tofauti na ya Moshi na umepata jina lake kwa haki. Kama mna ndugu mwenye darubini, iazimeni. Moja kwa gari zima inatosha, ingawa watoto watagombea.

Na Baba Neema. Naona kwamba madai yake mna uwezo wa kuyatimiza yote bila ugomvi, kwa sababu anachotaka ni Pasaka ya kijijini pamoja na ndugu zake, na ratiba ninayokupa inamwachia Pasaka yake. Nendeni Rombo mkale pamoja. Hapo mtakuwa mmeshakwenda Hifadhi ya Arusha Februari, watoto watasimulia walichoona mbele ya babu na wajomba, na pengine yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa akiendesha Noah siku hiyo. Mpe jukumu hilo tangu sasa, pamoja na kazi ya kwenda Arusha kukagua gari la Juni na kuuliza bei, kwa kuwa mtu aliyechagua gari mwenyewe hukaa ndani yake kwa moyo tofauti na aliyeburutwa.

Wiki hii fanya mambo mawili tu. Mjibu kijana wa Kosta kwa adabu kwamba hamtakwenda Pasaka, ili amtafute mwingine wa nafasi hizo. Kisha zungumza na Bibi kuhusu Jumamosi ya Februari, ukimweleza kwamba ni kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na kwamba chakula cha kubeba atakipanga yeye.